Nyumba njema si mlango: tamasha pekee hazitaziokoa lugha zetu

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Methali hiyo nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiwachambulia wanafunzi wangu maana yake ya juu na maana yake ya ndani, wala sikudhani hata siku moja kwamba ingenigeukia mimi mwenyewe mbele ya jamaa zangu, katika nyumba niliyozaliwa. Yaliyonifika Lamu mwishoni mwa juma moja mwezi Novemba uliopita ndiyo yaliyonisukuma kushika kalamu. Namwomba msomaji anistahimilie, kwa kuwa nitaanza kwa kukiri kosa langu kabla sijamnyoshea mtu mwingine kidole.

Nilisafiri kutoka Nairobi pamoja na mwanangu wa miaka tisa nikiwa na shughuli tatu. Ya kwanza ilikuwa kuhudhuria tamasha ya utamaduni. Ya pili ilikuwa kukutana na jamaa, kwani mamangu alikuwa amewaita watoto na wajukuu wake wote, miaka minne ikiwa imepita tangu tuizunguke sinia moja. Ya tatu ilikuwa uraibu wangu wa tangu ujana, nao ni kuyakusanya maneno ya mabaharia na ya mafundi wa vyombo na kuyaandika katika daftari. Nilidhani kwamba tamasha ndiyo ingekuwa nyama ya safari hiyo na kwamba mambo hayo mawili mengine yangekuwa viungo tu. Nilikosea.

Tamasha yenyewe, lazima niseme kweli, ilipendeza. Uwanja wa Mkunguni, ulio mbele ya ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19, ulifurika watu. Punda walishindana mbio kando ya bahari huku vijana waliowapanda wakishangiliwa kutoka madirishani. Mashua zilitweka matanga, zikashindana hadi upande wa Manda na kurudi. Wanaume waliovaa kanzu walicheza goma wakiinua bakora zao kwa taratibu, kina mama walichora hina, na watunzi walighani mashairi. Tangu mwaka 2001, Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, wageni wamekuwa wakija kutoka pembe zote kuyaona mambo kama hayo. Kwa nahodha, kwa mwenye nyumba ya wageni, kwa mchora hina na kwa muuza halwa, siku hizo ni riziki. Kwa hivyo mimi si miongoni mwa wale wanaozibeza tamasha. Anayebeza riziki ya mwenzake aghalabu ni mtu aliyekwisha kushiba.

Kilichonifika hakikutokea uwanjani. Kilitokea nyumbani, katika mtaa wa Mkomani, siku ya Jumamosi adhuhuri.

Mamangu, ambaye ana umri wa miaka 78, alikuwa ameketi juu ya jamvi pembeni mwa kiwanda. (Wasomaji wa bara wasishangae. Kiwanda kwetu ni ule ua wa ndani ya nyumba unaoingiza jua na hewa, wala si mahali pa kutengeneza sabuni.) Jikoni dada zangu walikuwa wakikuna nazi, wakichuja tui na kupakua wali. Wajukuu kumi na mmoja walikuwa wakikimbizana. Mama akamwona mwanangu amesimama peke yake karibu na daka, akamnyoshea mikono akisema: "Ndoo, mwanangu. Ndoo nikuone."

Mtoto akaangaza macho huku na huku. Kisha akaingia jikoni mbio, akarudi na ndoo ya plastiki, akaiweka miguuni pa nyanyake kwa adabu zote, akarudi nyuma hatua mbili kungoja amri nyingine.

Binamu zake waligaragara kwa kicheko. Dada zangu walicheka hadi wakajifuta machozi kwa leso. Mama hakucheka. Aliitazama ile ndoo, akamtazama mtoto, halafu akanigeukia mimi na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanao hanielewi?"

Sikuwa na jibu. Msomaji asiyekijua Kiamu huenda naye akahitaji maelezo. Katika lahaja za kaskazini, pale ambapo Kiswahili sanifu husema *njia*, Mwamu husema *ndia*. *Njaa* kwake ni *ndaa*. Na *njoo* ni *ndoo*. Vivyo hivyo *macho* ni *mato*, *kichwa* ni *kitwa*, na *maji* ni *mai*. Kwa sikio la Mwamu, *ndoo* ya kuitia mtu na *ndoo* ya kutekea maji hazifanani kabisa, kwa maana katika moja ulimi hugusa meno na katika nyingine hugusa ufizi. Mwanangu hakukosea. Alisikia neno alijualo, akatii. Mkosaji alikuwa mimi.

Nasema hivyo kwa sababu nina shahada ya uzamifu katika isimu. Nimesimama mbele ya mamia ya wanafunzi nikiwaambia kwamba mtoto haipati lugha kutoka ukutani wala kutoka hewani, bali huipata kwa wale wanaozungumza naye kila siku kuhusu mambo yanayomhusu. Lakini nyumbani kwangu mimi na mume wangu tumekuwa tukizungumza naye Kiingereza, tukiamini kwamba tunamtayarishia maisha mema shuleni. Kiswahili sanifu amekipata vitabuni, na Sheng ameipata kwa marafiki zake mtaani. Ile lugha niliyobembelezwa nayo mimi, ambayo nyanyake anaiota usiku, hakupewa na mtu yeyote. Nilikuwa nikimletea mama zawadi za kila aina kila nilipokwenda Lamu, kumbe nilikuwa nimemnyang'anya mjukuu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilijiuliza: je, mwanangu hakuwa ameuona utamaduni wa kwao siku mbili mfululizo? Aliona punda, akaona mashua, akasikia ngoma, hata akavishwa kofia ya kufuma na kupigwa picha. Tamasha ilimpa vyote ilivyokuwa navyo, ila haikuweza kumpa neno moja la kumwitikia nyanyake. Hapo ndipo nilipoikumbuka methali nyingine: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Wageni wanaozuru Lamu hupenda mno kuipiga picha milango yetu ya nakshi. Nayo ni mizuri kweli, na fundi aliyeichonga anastahili sifa. Lakini hakuna familia iliyowahi kuishi mlangoni. Tamasha ni mlango wa nakshi. Inatuonyesha kwamba ndani mna watu, nayo yatukaribisha tuingie. Shida yetu katika nchi hii ni kwamba tumeanza kuuchukua mlango kuwa ndiyo nyumba. Tunadhani kwamba tukichangisha fedha, tukajenga jukwaa, tukawavisha watoto vikuba na marinda ya katani, tukawapa dakika saba wacheze mbele ya wageni wa heshima, basi utamaduni umehifadhiwa mpaka mwaka ujao.

Kwa tabia yake jukwaa huchagua kinachoonekana. Huchagua nguo, rangi, ngoma na miguu inayoruka. Lugha haionekani, na kwa hiyo huachwa nyuma ya pazia. Nimehudhuria sherehe za aina hiyo katika pembe nyingi za Kenya, na mara nyingi nimemsikia mshereheshaji akieleza kwa Kiingereza maana ya wimbo ambao hata vijana wanaouimba hawaifahamu. Wimbo huo wameukariri kama kasuku. Ukiwapeleka kando ukawauliza neno fulani lina maana gani, watakwambia, "Tulifundishwa hivyo."

Asije mtu akadhani kwamba natia chumvi. Tunao mfano ulio wazi katika nchi yetu wenyewe. Waelmolo, wavuvi wa Ziwa Turkana, wangali wapo. Hushiriki katika tamasha inayofanyika Loiyangalani pamoja na jamaa za jirani, wakiwa na mavazi yao na ngoma zao. Lakini lugha yao ya asili, iliyokuwa ya jamii ya Kikushi, imekwisha kutoweka, nao leo husema Kisamburu. Wayaaku wa Mukogodo, kaskazini mwa Mlima Kenya, walihamia lugha ya Kimaa katika karne ya 20, na lugha yao ikabaki midomoni mwa wazee wachache mno. Hakuna aliyewapiga marufuku watu hao kuzungumza. Hapakuwa na vita wala mafuriko. Ilitosha tu kwamba kizazi kimoja kilizungumza na watoto wake kwa lugha nyingine. Jukwaa laweza kujaa wachezaji hali nyumba imekuwa kimya.

Yamkini mtu ataniuliza: je, Kiamu si Kiswahili? Na Kiswahili si kinastawi? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Watoto wote husoma Kiswahili shuleni. Basi kilio ni cha nini?

Nami nashangilia kustawi huko kama mtu mwingine yeyote, kwani ndiko kunakonipa mkate wangu. Wala sina ugomvi na usanifishaji. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulipokichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, shule zilihitaji lugha moja ya vitabu, nazo zikaipata. Lakini sanifu ni mto, na lahaja ni chemchemi zake. Mto hauwezi kusema kwamba sasa umekuwa mkubwa na hauhitaji tena chemchemi. Mwana Kupona binti Msham alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha, mnamo mwaka 1858, hakuwa anaandikia jukwaa. Alikuwa mama mgonjwa akimwusia mtoto wake kwa lugha ya nyumbani kwao, nasi tungali tunausoma utendi huo vyuoni. Na marehemu Ahmad Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Matondoni mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, alipoona kwamba majahazi yanapungua na maneno ya waundaji yanakwenda nayo, aliyafunga maneno hayo katika utenzi wake *Sambo ya Kiwandeo*, uliochapishwa mwaka 1979. Ni mtu huyo huyo anayetajwa kuwa ndiye aliyelipendekeza neno *runinga*, ambalo leo hata watangazaji wa bara hulitumia bila kujua lilikotoka. Aliweza kuyaundia mambo mapya majina kwa sababu ghala yake ya maneno ya kale ilikuwa imejaa. Asiye na ghala hana budi kukopa kila siku.

Mwingine atasema kwamba lugha hubadilika, na kwamba mwanaisimu ndiye wa mwisho anayefaa kulalamikia mabadiliko. Ni kweli. Mimi sililii Kiamu kwa kuwa vijana wa Langoni hawakisemi sawasawa na babu zao. Lugha isiyobadilika ni ile iliyokwisha kuzikwa. Wala siichukii Sheng, kwani ni kazi ya akili za vijana wetu. Lakini kubadilika si sawa na kukatika. Lugha inapobadilika, nyanya na mjukuu hubishana, wakacheka, kila mmoja akamwona mwenzake ana vituko. Lugha inapokatika hawawezi hata kubishana. Nyanya huita, na mjukuu huleta ndoo.

Nyumba ya nyanya ndiyo darasa ambalo hakuna wizara iwezayo kulijenga. Hebu tuitazame jikoni peke yake. Mtoto aliyekaa karibu na wapishi siku ile angesikia *mbuzi* ya kukunia nazi, *kifumbu* cha kuchujia tui, *chicha* inayobaki, na *upawa* wa kutekea mchuzi. Angesikia shangazi akimkanya mwenziwe kwamba tui la kwanza halitiwi mapema lisije likakatika. Hayo hayafundishwi kwa ubao na chaki. Yanaingia pamoja na harufu ya chakula. Siku tukinunua mashine ya kusagia nazi, au tui la pakiti, tunapata wepesi, nami siwalaumu wanaofanya kazi mchana kutwa. Lakini tukumbuke kwamba vyombo vinapotoka jikoni, maneno nayo yanatoka kupitia mlango huo huo.

Sasa nifike Jumapili, ambayo ndiyo iliyonirudishia moyo. Asubuhi nilikwenda pwani na daftari langu kama ilivyo desturi yangu. Neno *uraibu*, kwa njia, lina historia ya kupendeza. Wazee walilitumia kwa tambuu na tumbaku na vitu vya namna hiyo ambavyo mtu akivizoea haachi. Siku hizi tumelipanua, tukaliita kwalo kila jambo ambalo mtu hulifanya kwa mapenzi yake wakati wa faragha. Uraibu wangu mimi ni *foromali* na *demani* na *joshini*, maneno ya watu wa tanga. Kwa saa mbili niliandika, nikajiona nafanya kazi ya maana. Kisha nikaligundua jambo la kuaibisha: nilikuwa nikiyafungia maneno katika karatasi, na mtoto ambaye angeyasema nilikuwa nimemwacha nyumbani akichezea simu.

Niliporudi nilimkuta hana simu mkononi. Mjombangu, ambaye kwa mwanangu ni babu, alikuwa amemketisha kwenye daka mbele ya bao. Mashimo 32, kete 64. Mzee huyo hajui Kiingereza zaidi ya salamu, na tangu azaliwe hajapata kulizungumza neno la Kiswahili sanifu kwa makusudi. Hakuwa akimfundisha mtoto lugha, alikuwa akitaka mtu wa kucheza naye. "Weka namu hapa," anasema, na mtoto anaweka. "Ukikosa cha kula, takata." Mtoto anatakata. "Nyumba yako itunze, usiivunje mapema." Mtoto anauliza kwa nini. Mzee anaeleza kwa Kiamu kitupu, akionyesha kwa kidole, na kete zenyewe zinatafsiri. Kufikia alasiri mwanangu alikuwa ameyajua *kete*, *namu*, *nyumba*, *kutakata* na *mtaji*, tena alikuwa akibisha: "La, babu, huo si mtaji!" Alifungwa mara sita, na kila mara aliomba mchezo mwingine.

Mimi nilikaa kimya nikisikiliza. Katika miaka yangu yote ya kusomesha sijapata kuona somo la lugha lililofaulu kama lile, na mwalimu wake hakujua kwamba anafundisha.

Kutokana na hayo yote nina mambo matatu ya kupendekeza. La kwanza nawaelekezea wanaoandaa tamasha. Katiba yetu imezikabidhi serikali za kaunti shughuli za utamaduni, kwa hivyo fedha na mamlaka zipo karibu na wananchi. Kila kaunti itenge sehemu ya fedha hizo kwa mambo yasiyopigiwa makofi: kuwanasa wazee sauti wakisimulia, kuchapisha orodha za maneno ya uvuvi, ya ufugaji, ya kilimo na ya upishi, na kuzigawa shuleni bure. Na katika mashindano yenyewe iwepo zawadi ya mzee na mjukuu wanaoshindana pamoja, wakicheza bao, wakitegana vitendawili au wakisimulia ngano kwa lugha ya nyumbani. Mshereheshaji naye aanze kwa lugha ya wenyeji, kisha Kiswahili, na mgeni atafsiriwe mwishoni. Mgeni mwema hatachukia, kwani amesafiri mbali ili asikie asichokisikia kwao.

La pili nawaelekezea walimu wenzangu. Tusiwacheke watoto wanaokuja darasani na maneno ya lahaja zao, wala tusiwakatie maalama bila maelezo. Mtoto anayeandika *ndia* amwambiwe kwamba katika sanifu huandikwa *njia*, na kwamba neno lake ni la Kiamu na lina heshima yake. Amejua mawili, hakukosa moja.

La tatu ni letu sisi wazazi, na hapa nazungumza nikiwa mwenye hatia. Hakuna sheria itakayotulazimisha kuzungumza na watoto wetu. Si lazima Kiingereza kifukuzwe nyumbani ndipo lugha ya mama iingie. Kichwa cha mtoto si kibaba ambacho ukitia hiki kile kitamwagika. Tuwapeleke kwa nyanya zao, si kwa siku moja ya sikukuu bali kwa likizo nzima. Yule ambaye wazazi wake wametangulia mbele ya haki amtafute shangazi, mjomba au jirani mzee. Na uraibu wetu, uwe ni bao, bustani, ushoni au uvuvi wa mshipi, tuufanye pamoja nao huku tukizungumza. Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha huu, ndugu msomaji, unachakaa, na wanaojua kuusuka wanapungua kila mwaka.

Jumatatu alfajiri tulipokuwa tukiondoka kwenda kupanda mashua ya Mokowe, mama alisimama mlangoni na fimbo yake. "Ndoo," alisema. Mwanangu aliutua mkoba wake chini, akamwendea na kumbusu mkono. Neno moja si lugha, nami sijidanganyi. Lakini tangu siku ile kila Ijumaa jioni mtoto humpigia nyanyake simu, nami hujiweka kando nisimtafsirie. Asipoelewa, huuliza. Nyanya naye hurudia, polepole, bila kuchoka.